Huyu Jamala alishindaje Eurovision bila kuongoza kwa majaji wala kwa watazamaji?

Kinyozi wa Kariobangi

Habari zenu wadau. Nina kinyozi hapa Kariobangi South, na runinga iliyo ukutani huniletea wateja na kesi kwa pamoja. Kesi ya wiki hii ni hii.

Dadangu mdogo, aliyemaliza fomu foo juzi, amenikalia siku nzima akinichezea video za mwimbaji wa Ukraine anayeitwa Jamala. Ndiye aliyeshinda Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya na waalikwa kama Australia, mwaka 2016 kule Stockholm, Sweden. Sauti anayo, hilo sibishi. Pale anapopanda juu kabisa karibu na mwisho wa wimbo, jamaa niliyekuwa namchonga ndevu aligeuza shingo ghafla, nikashukuru Mungu nilikuwa nimeshika mashine, si wembe.

Sasa dadangu akatoa matokeo. Majaji waliweka Australia mbele. Watazamaji wa nyumbani waliweka Urusi mbele. Kombe likaenda Ukraine! Dereva mmoja wa matatu, mteja wangu wa kila Ijumaa, akasema huo ni wizi mtupu na tusidhani ni sisi Wakenya peke yetu tunaojumlisha kura usiku. Wengine wakasema ni huruma ya vita. Nikawaambia 2016 ni kabla ya haya mashambulizi makubwa ya 2022. Wakanijibu Krimea ya Ukraine ilichukuliwa na Urusi 2014, kwa hivyo huruma ilikuwepo tayari. Nikanyamaza, nikaendelea kunyoa.

Swali la kwanza: alishindaje?

La pili ndilo linagusa mfuko wangu. Huyu msichana anataka nimpe nauli na pesa ya nguo aende odisheni ya mashindano ya kuimba ya runinga. Anasema hata Jamala alitolewa na mashindano. Ni kweli? Kabla sijatoa hata shilingi nataka kusikia watu wanaojua muziki, si wateja wangu.

---

Karani wa Utawala

Mwambie dereva wako hapo hakuna wizi, kuna kujumlisha tu. Mwaka huo wa 2016 ndio Eurovision ilianza kutenganisha pointi za majaji na za watazamaji. Kila nchi inatoa seti mbili: ya majaji wake na ya watu waliopiga kura kwa simu. Kila seti ni 12 kwa wimbo wa kwanza, 10 kwa wa pili, halafu 8 kushuka hadi 1. Hakuna nchi inayoruhusiwa kujipigia yenyewe.

Kwa majaji, Australia ilipata 320, Ukraine 211, Urusi 130 pekee. Kwa watazamaji, Urusi 361, Ukraine 323, Australia 191. Jumlisha mwenyewe: Ukraine 534, Australia 511, Urusi 491.

Mtoto akiwa nambari mbili kwa Hisabati na nambari mbili kwa Kiswahili anaweza kuongoza darasa, mradi yule bingwa wa Hisabati ameanguka Kiswahili. Ndicho kilichotokea. Na kama kuna mtu alikuwa na haki ya kulia siku hiyo, ni yule kijana wa Poland. Watazamaji walimweka wa tatu, pointi 222. Majaji wote wa nchi zote wakamchangia 7. Saba! Akamaliza wa nane.

La nauli siingilii. Mimi ni wa hesabu.

---

Mwalimu wa Kwaya, Jericho

Karani amemaliza lake, mimi nichukue la nauli. Nafundisha kwaya hapa Jericho na huwa natayarisha wanafunzi kwa tamasha la muziki la shule, kwa hivyo haya mambo ya majaji na alama nimeyazoea hadi nayaota.

Kinyozi, dadako amekwambia nusu ya habari. Ni kweli Jamala alijulikana kupitia mashindano. Lakini ebu angalia ni nani aliyeingia kwenye hayo mashindano.

Jina lake kamili ni Susana Jamaladinova. Alizaliwa 1983 katika mji wa Osh, Kirgizia, mbali kabisa na Ukraine. Alifikaje huko? Hapo ndipo wimbo wake ulipotoka. Mei 1944, Stalin, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, aliamuru Watatari wa Krimea wang'olewe kwao, kabila zima, kwa madai kwamba waliwasaidia Wajerumani. Walijazwa kwenye mabehewa ya mizigo wakapelekwa Asia ya Kati, wengi wao Uzbekistan. Nyanya mkuu wa Jamala alibebwa pamoja na watoto wake watano. Yule wa kike alifia njiani. Na mumewe wakati huo alikuwa vitani, upande wa Stalin huyo huyo, akipigana na Wajerumani hao hao. Kurudi kwao hawakuruhusiwa hadi miaka ya themanini ilipokuwa inaisha. Hata wakati huo Mtatari kuuziwa nyumba Krimea ilikuwa shida, basi wazazi wa Jamala wakaachana kwa karatasi ili mama, ambaye ana asili ya Armenia, anunue nyumba kwa jina lake.

Huyo ndiye msichana aliyekwenda shule ya muziki Simferopol, huko huko Krimea, kisha chuo cha muziki cha Kyiv, akasomea uimbaji wa opera. Sehemu hiyo YouTube haikuonyeshi. Ile sauti iliyomfanya mteja wako ageuze shingo haitoki kwa hasira wala kwa kulia. Sikiliza kabla hajapanda: anavuta pumzi chini, tumboni, mabega hayasogei hata kidogo. Vijana wangu nikiwaambia washushe mabega wananiona mzee wa zamani. Na Eurovision kanuni ni kwamba mwimbaji mkuu aimbe moja kwa moja pale jukwaani, na mwaka huo wa 2016 rekodi ilikuwa ya ala tu. Huwezi kujificha.

Akiwa na mafunzo hayo tayari, mwaka 2009 akaenda shindano la New Wave huko Jurmala, Latvia, akatoka wa kwanza kwa kugawana nafasi na Sandhy Sondoro wa Indonesia. Hapo mlango ukafunguka. Mashindano yalimtoa, sawa, lakini yalimkuta ameiva.

Sasa nije kwa 2011, maana hii dadako hakukutajia. Jamala alijaribu kuiwakilisha Ukraine Eurovision kwa wimbo mwepesi wa furaha, unaitwa "Smile". Fainali ya nyumbani akashinda Mika Newton, watu wakalalamikia kura, ikatangazwa kura irudiwe. Jamala na mwenzake Zlata Ognevich wakasema hawarudii, wakajitoa. Zlata alirudi 2013 akawa wa tatu Eurovision. Jamala alikaa hadi 2016, na aliporudi hakuleta tabasamu. Alileta "1944", hadithi ya hao waliobebwa kwa mabehewa, kiitikio akakiimba kwa Kitatari cha Krimea, lugha ambayo karibu hakuna mtu ukumbini aliyeielewa. Na nusura asifike Stockholm! Kwenye mchujo wa nyumbani alifungana pointi na kundi la The Hardkiss ambalo majaji walilipenda zaidi. Kura ya wananchi ndiyo iliyoamua.

Ninachotaka kukwambia ni hiki, Kinyozi. Eurovision ni shindano la nyimbo. Wimbo uwe mpya, usiwe umetolewa kabla ya Septemba mosi ya mwaka uliotangulia, usizidi dakika tatu. Mashindano tuliyoyazoea hapa kwetu ni ya waimbaji. Unakumbuka Tusker Project Fame? Valerie Kimani alishinda ile ya kwanza 2006, Alpha Rwirangira wa Rwanda 2009, Davis Ntare wa Uganda 2010, Ruth Matete 2012, Hope Irakoze wa Burundi 2013. Waimbaji wazuri hao, na Ian Mbugua hakuwa jaji wa kumpaka mtu mafuta. Lakini wiki baada ya wiki walipewa nyimbo za watu wengine waimbe. Mtu anatoka pale Afrika Mashariki yote inajua sura yake na haijui wimbo wake hata mmoja. Anaanza kazi siku ambayo sisi watazamaji tunadhani amemaliza. Jamala alitoka Stockholm na wimbo ambao hakuna mwingine angeweza kudai ni wake.

Kwa hivyo kabla ya nauli, muulize dadako: ana wimbo?

---

Mzee wa Gikomba

Mwalimu, naona unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kanuni za hayo mashindano zinakataza siasa. Mtu anaimba jinsi Moscow ilivyohamisha watu Krimea, miaka miwili tu baada ya Moscow kuichukua Krimea, halafu mnatuambia ni historia ya nyanya? Na 2022 wale vijana wa Ukraine, kundi la Kalush Orchestra, wakashinda kwa pointi 631 vita vikiwa vimeanza Februari. Mimi nauza mitumba, najua bei ikipandishwa.

---

Mwalimu wa Kwaya, Jericho

Mzee, heshima yako. Malalamiko hayo yalipelekwa wakati huo huo, na wasimamizi wa Eurovision wakaamua kwamba wimbo unasimulia jambo lililotokea, na kwamba jina lake na maneno yake si ya kisiasa. Unaweza kuona waliamua vibaya, hilo ni lako. Mimi naona hakuna aliyeusikia bila kufikiria 2014, na hata Jamala hakujifanya hajui. Lakini huruma peke yake haikupi nafasi ya pili kwa majaji wa muziki wa nchi arobaini na kitu.

2022 nakubaliana nawe zaidi. Majaji waliwaweka Kalush wa nne, pointi 192. Uingereza ndiyo iliyoongoza. Watazamaji wakawamwagia 439, rekodi. Hapo watu walipigia nchi kura, na sioni aibu yake. Wimbo wenyewe ni kijana anaimba kuhusu mama yake na uliandikwa kabla ya vita. Kombe lenyewe waliliuza kwa mnada, zikapatikana dola 900,000 hivi, zikaenda kwa jeshi. Kwa sababu ya vita, fainali ya 2023 iliandaliwa Liverpool kwa niaba yao.

Lakini ukisema siasa inawabeba, taja pia inavyowatupa chini. Mwaka 2019 Maruv alishinda mchujo wa Ukraine, akaletewa mkataba wenye masharti, mojawapo asiende kufanya maonyesho Urusi. Akakataa kuusaini. Walioitwa baada yake nao wakakataa, na Ukraine haikushiriki kabisa mwaka huo. Hao Kalush wenyewe walikuwa wa pili kwenye mchujo wa Ukraine wa 2022. Alina Pash aliyeshinda alijitoa kwa kelele zilizozuka juu ya safari yake ya Krimea. Naye Jamala vita vilipoanza alitoroka na watoto wake wawili hadi Uturuki, na mwaka 2023 Urusi ikamweka kwenye orodha ya watu wanaosakwa. Mzee, kama hiyo ni bei iliyopandishwa, aliyelipa ni yeye.

---

Binti wa Kayole

Mwalimu naheshimu, lakini unaongea na sisi kana kwamba kuna chuo cha opera pale Masimba. Hakuna. Wengine wetu odisheni ndiyo darasa pekee tulilopata.

Mimi nilienda moja, silitaji jina. Nilitoka nyumbani kabla ya matatu kuanza kujaa, nikakuta foleni imezunguka jengo. Jua likatupata pale pale. Nilipoingia nikaanza na wimbo wa Kimarekani wa polepole, ule wa kujenga taratibu, sijafika hata kwa kiitikio nikaambiwa asante, anayefuata. Nililia kwenye matatu hadi Donholm. Konda hakuniitisha nauli, Mungu ambariki.

Lakini Kinyozi usimnyime. Kwenye ile foleni ndipo nilipopatana na kijana wa gitaa kutoka Dandora. Tulikuwa tunaimba ili tusilale. Leo tunapiga harusi pamoja, Desemba hatupumziki. Huyo sikumpata kwa majaji, nilimpata kwa foleni. Mwambie dadako abebe maji, njugu, leso, na viatu vya kusimama, vile vya kuonekana aviweke kwa mfuko. Na aanze na sehemu ya wimbo anayoiweza zaidi, asingoje kupanda. Hawangoji.

---

Karani wa Utawala

Nimerudi kwa jambo dogo la Kinyozi na runinga yake. Tangu 2023 hata sisi tulio nje ya Eurovision tunapiga kura, kwa mtandao, kwa kadi ya benki. Nchi zote zisizoshiriki tunahesabiwa pamoja kama nchi moja, kwa hivyo usitarajie Kariobangi kuamua mshindi. Fainali huwa Mei, Jumamosi, inaanza saa nne usiku kwa saa zetu na matokeo yanakaribia saa nane. Kama una leseni ya kufungua usiku, fungua.

Na mwaka unaofuata ushindi, kazi ya kuandaa huhamia kwa nchi iliyoshinda. Mshindi hapewi pesa, anapewa kombe la kioo lenye umbo la maiki. Runinga ya nchi yake ndiyo inayobaki na deni la kuandaa. Ukraine iliandaa Kyiv 2017. Usiku wa fainali hiyo Jamala akiwa anaimba wimbo mwingine, jamaa mmoja aliyejifunga bendera ya Australia akaruka jukwaani, akashusha suruali, akawaonyesha mamilioni ya watu makalio. Tafuta video umwonyeshe dereva wako. Jamala hakukosa hata neno.

---

Kinyozi wa Kariobangi

Tumeiona. Tumeirudia mpaka mteja mmoja akasahau ni nywele alikuja kunyolewa. Bendera ya Australia imetuchekesha zaidi, dereva anasema walikuja kudai zile pointi zao.

Dadangu amesoma yote. La nauli ameacha kwanza. Lakini amebisha kidogo, Mwalimu: anasema Jamala ana hadithi kubwa ya kuimba kwa sababu kwao kulitokea mambo makubwa. Yeye amekulia hapa, nyuma ya kinyozi, kati ya mama wa chapo na duka la gesi. Aimbe nini?

---

Mwalimu wa Kwaya, Jericho

Mwambie swali lake ni zuri, na kuna Mukraine mwingine wa kulijibu. Anaitwa Ruslana. Alizaliwa Lviv 1973, akasomea piano na uongozaji wa okestra. Alikuwa mtu wa mjini kabisa. Akaanza kupanda milima ya Carpathia kukaa na Wahutsul, watu wa huko wanaopiga tarumbeta ndefu ya mbao iitwayo trembita, ndefu kuliko mtu, akajifunza midundo na mavazi yao. Akayachanganya na ngoma za disko na mavazi ya ngozi, akaenda nayo Istanbul 2004 kwa "Wild Dances", akashinda kwa pointi 280. Ukraine ilikuwa inashiriki kwa mara ya pili tu! Hakuna aliyekufa ndani ya wimbo huo. Ni watu wanacheza. Baadaye akaingia bungeni, na 2016 ndiye aliyekuwa mmoja wa majaji wa mchujo ule wa Jamala na The Hardkiss.

Kwa hivyo si lazima msiba. Mama wa chapo anaimba nini akikanda unga saa kumi na moja asubuhi? Wateja wa kinyozi wanabishana kwa sauti gani? Mashine yako ya kunyolea hulia kwa noti gani? Nasema kweli, siyo mzaha. Vijana wangu wa tamasha husumbuka na nyimbo za Kilatini ambazo hakuna mzazi anayezielewa, halafu wakati wa mapumziko wanatengeneza wimbo wa kumcheka bawabu wa shule, na huo wa bawabu ndio una muziki.

Usimpe pesa ya nguo bado. Mlete Jumamosi saa nane mchana, tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa. Aje na beti moja aliyoitunga mwenyewe, hata kama haina mwisho. Nitamwanzisha na pumzi, atachukia, asirudi nyumbani akikwambia nilimwonea. Odisheni ya runinga ikija baadaye aende, na afuate maneno ya Binti wa Kayole kuhusu viatu.

Ada tusiongelee. Nina vijana wa besi wanaopanda jukwaani na vichwa kama vichaka, na waamuzi wa tamasha huangalia usafi pia. Uwanyoe kabla ya siku yenyewe, tutakuwa sawa.

---

Kinyozi wa Kariobangi

Besi ni wangapi, Mwalimu? Nauliza mapema kwa sababu ya mafuta na wembe. Beti ameshaanza, inahusu dereva. Dereva bado hajui.